Ukakasi Ndio Shahidi: Jinsi ya Kuionja Chai ya Sukari ya Kuunguza

Saa moja asubuhi, Posta ya Zamani. Abiria wa kivuko cha Kigamboni wanapanda kuelekea maofisini, na kwenye benchi la muuza chai hakuna nafasi. Unapokea kikombe cha chai ya maziwa, unapiga funda la kwanza, unasita. Mbona kama pipi? Ni tofi kabisa!

"Dada, humu umetia nini?"

"Sukari tu, kaka. Nimeiunguza."

Hakudanganyi. Sukari kavu hutiwa kwenye sufuria ya moto ikayeyuka, ikawa rangi ya asali, kisha ya shaba. Hapo humwagiwa maji, kwa tahadhari maana hurusha mvuke mkali, nayo huganda chini kama gamba. Ukilibandua gamba hilo ukalitafuna, ni pipi. Likiyeyuka tena ndipo hufuata majani, viungo na maziwa. Basi usishangae ladha uliyoikuta. Swali ni kama chini ya pipi hiyo kuna chai.

Rangi usiiamini. Sukari iliyoungua hupaka maji rangi hata bila jani moja. Wapo wanaoitumia kubania majani. Isitoshe, majani mengi ya viwanda vyetu husagwa yakawa punje ndogo zinazotoa rangi upesi. Kikombe kilichokolea hakijathibitisha kitu.

Nusa kabla ya kunywa. Iliki itangulie, sukari ifuate. Ukikutana na harufu ya moshi, sukari ilipitiliza moto ikawa nyeusi, na uchungu wake utakungoja kooni. Iliki hiyo uijue toka sokoni: pale Kariakoo usinunue ya unga, chagua maganda mazima ya kijani, upasue moja. Punje ziwe nyeusi, zenye kunata vidoleni. Zikiwa za kahawia na kavu, harufu imeshakwenda zake.

Acha ipoe kidogo. Chai ya moto mkali huunguza ulimi tu. Ikifika joto la kushika kikombe bila kubadilisha mikono, onja tena. Sasa tafuta ukakasi, ule mkwaruzo mwepesi unaokausha ulimi pembeni. Huo hutoka kwenye jani. Sukari hata uiunguze vipi haiutoi. Maziwa huupunguza lakini hayaumalizi. Chai ya rangi hukuonyesha waziwazi zaidi, kwa hiyo mgeni wa mambo haya aanze na hiyo.

Tazama maziwa. Vichembe vyeupe vinavyoelea mara nyingi ni kazi ya tangawizi mbichi iliyotiwa pamoja na maziwa: huyakata. Mpishi anayejua huichemsha kwanza na maji. Utando mzito juu na ladha iliyochoka ni dalili kwamba chai imelala kwenye chupa. Uliza ya sufuria.

Jani na iliki si wageni baina yao. Wajerumani waliijaribu chai Amani, milima ya Usambara, mwaka 1902, na vilima hivyohivyo leo hutoa iliki. Kwenye kikombe kizuri unavionja vyote viwili, na sukari inakaa katikati kama mwenyeji, haisemei wageni wake.

Kipimo cha mwisho. Weka kikombe chini, kaa kimya dakika moja. Maandazi yasubiri, yana sukari yao. Utamu ukiondoka, ukabaki ukakasi kidogo na iliki puani, agiza cha pili. Utamu ukibaki peke yake, umeng'ang'ania meno, umekunywa pipi ya moto. Lipa, shukuru, na kesho kaa benchi la jirani.