Fisi, Hiti na Punda wa Elburgon

Siku ya soko Elburgon, punda wakivuta mikokoteni ya viazi, huhitaji kutembea mbali kumsikia mnyama huyo akiitwa kwa majina matatu. Mswahili anasema punda, Mkikuyu ndigiri, Mkipsigis sigiriet. Akipita Mmaasai, ataongeza osikiria. Sisi wengine tunasema “haya matatu ya mwisho yanafanana” na kurudi kwenye bei ya gunia. Hapo ndipo kazi ya fundi wa historia ya lugha inapoanza, naye huanza kwa kuukataa mfanano huo.

Anamwacha punda kwanza, anamchukua mnyama asiyefugwa na mtu: fisi. Kwa Kikuyu ni hiti. Ukiyasikia hivi hivi, maneno haya hayana hata ujamaa wa mbali. Lakini weka mafiga kando ya mahiga, na figo kando ya higo. Katika maneno haya, penye f ya Mswahili, Mkikuyu ana h yake. Waganda wana empisi, Wazulu impisi, nao wameitunza p ya zamani iliyozaa zote mbili. Fisi na hiti ni ndugu wa tumbo moja. Hakuna aliyemwazima mwenzake.

Sasa mrudie ndigiri. Huyu hana nduguye kwa Mganda wala kwa Mzulu. Jamaa zake wako kwa Wakalenjin na Wamaasai. Basi ni mkopo wa ujirani. Nimeupenda sana uvumilivu huu: kupima konsonanti kumi ili useme jambo moja.

Christopher Ehret, Mmarekani, aliupekua hivyo msamiati wa Kikalenjin katika kitabu chake cha 1971 kuhusu historia ya Waniloti wa Kusini, kundi la Wakalenjin. Aliona humo maneno ya Kikushi, jamii ya lugha za kaskazini mashariki mwa Afrika, akasema wafugaji wa Kikushi waliwatangulia Wakalenjin nchi hizi. Mkononi alikuwa na maneno tu. Mwaka 2019 vikatolewa vinasaba vya watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania, wakiwemo waliozikwa katika Pango la Molo, hapa jirani. Wafugaji wa kwanza walionekana kuwa na asili iliyotoka kaskazini mashariki mwa Afrika. Mfupa hausemi mwenyewe alizungumza lugha gani, kwa hiyo sitampa Ehret ushindi wote. Ila mashahidi wawili wasiojuana wameelekeza kidole upande mmoja.

Punda naye amepimwa. Mwaka 2022 jenomu za punda 238, wa leo na wa kale, zilionyesha kwamba alifugwa mara moja tu, huku Afrika Mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita. Damu yake inakufikisha hapo. Ni jirani yupi aliyemkabidhi Mkikuyu kamba yake, hilo uliulize neno ndigiri.

Punda yule wa sokoni anavuta magunia manne juu ya mkokoteni, na mwenyewe humwita kwa mluzi.