Kalamu Nzuri na Mlango wa Shule

Sisi walimu twawafundisha watoto kuandika insha, nasi twawasifu wale waandikao kwa lugha safi na kwa mpango mwema. Lakini ni mara chache tuulizapo: Je, insha hii nzuri ina haki ndani yake? Swali hilo lilinijia niliposoma habari za James Jackson Kilpatrick, mwandishi wa magazeti wa Marekani, aliyefariki mwaka 2010. Nataka kumpima leo, ndugu msomaji, bila hasira na bila upendeleo.

Kilpatrick alizaliwa katika mji wa Oklahoma City, tarehe 1 Novemba 1920. Alijifunza kazi ya uandishi katika Chuo Kikuu cha Missouri, na mwaka 1941 akaingia katika gazeti la Richmond News Leader, huko Richmond, mji mkuu wa jimbo la Virginia. Mwaka 1951 akafanywa mhariri wake. Alikuwa mmoja wa wale waitwao wahafidhina, yaani watu washikao mapokeo ya kale, wasiopenda serikali kuu ipate nguvu nyingi, waonao kuwa mageuzi yapasa kuja polepole. Kushika mapokeo si kosa. Sisi nasi vijijini twawasikiliza wazee wetu, maana si kila kilicho kipya ni chema. Lakini kila apendaye mapokeo hana budi kuulizwa: Ni mapokeo gani, na ni nani aumiaye kwa ajili yake?

Kwanza nimpe mtu haki yake. Mwaka 1943 kijana mweusi aitwaye Silas Rogers alihukumiwa huko Virginia kwa kosa la kumwua askari polisi. Alihukumiwa kifo, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Kilpatrick aliipeleleza habari hiyo, akaona kwamba ushahidi haukusimama, akaandika tena na tena. Wengine pia walishughulika, na mwisho wa mwaka 1952 gavana akamsamehe Rogers, akatoka gerezani. Mhariri mweupe wa Kusini, katika siku zile, alitumia gazeti lake kumtetea mfungwa mweusi asiye na mali wala jina. Hilo lilikuwa jambo kubwa, wala tusilisahau tusomapo yafuatayo.

Katika wilaya ya Prince Edward, katika jimbo hilo hilo, palikuwa na shule ya watoto weusi mjini Farmville. Shule ilijaa kupita kiasi, hata baadhi ya watoto wakawa wakifundishwa katika vibanda vya mbao vilivyofunikwa kwa karatasi ya lami. Mwezi wa Aprili 1951 msichana wa miaka 16, jina lake Barbara Johns, aliwaongoza wanafunzi wenzake kugoma, wakidai shule iliyo bora. Kesi yao iliunganishwa na nyingine nne, na tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba kuwatenga watoto katika shule za serikali kwa ajili ya rangi yao ni kinyume cha Katiba.

Hapo ndipo kalamu ya Kilpatrick ilipogeuka. Tangu mwezi wa Novemba 1955 alianza kuchapa makala mfululizo akiwaonyesha watu wa Virginia njia ya kuikataa hukumu ile. Alifukua maazimio ya mwaka 1798, yaliyoandikwa na Jefferson na Madison, akafundisha kwamba jimbo laweza kujitia katikati ya serikali kuu na raia zake, na kuizuia amri lionayo kuwa haikupatana na Katiba. Mwezi wa Februari 1956 baraza la kutunga sheria la Virginia likapitisha azimio la namna hiyo. Mwaka 1957 akatoa kitabu kizima juu ya mamlaka ya majimbo.

Hebu tuyaangalie maandishi hayo kama mwalimu aangaliavyo insha. Yana elimu, yana mpango, yana lugha ya kupendeza. Lakini yana kasoro moja kubwa: hayataji jambo lenyewe. Neno lililokuwa mbele ni haki ya jimbo. Neno lililokuwa nyuma ni ngozi ya mtoto. Watu wengi wa heshima, ambao wangaliona haya kusema, Sitaki mtoto wangu aketi pamoja na mtoto mweusi, sasa walipata maneno ya kiungwana ya kusema lile lile. Hiyo ndiyo kazi aliyowafanyia: aliivika chuki joho la hakimu.

Mwezi wa Novemba 1960 alibishana na Martin Luther King katika televisheni. Shauri lilikuwa juu ya vijana weusi waliokuwa wakienda kuketi katika mahali pa kulia palipowakataza. Kilpatrick alimshutumu King kwamba achagua mwenyewe sheria za kutii na sheria za kuvunja. Msomaji mwenye kumbukumbu atashangaa. Aliyesema hivyo ndiye aliyelifundisha jimbo zima kuikataa hukumu ya mahakama iliyo juu ya zote!

Na matunda yake je? Mwaka 1959 wakuu wa wilaya ya Prince Edward walikataa kutoa fedha za shule zao, nazo zikafungwa zote. Wazungu wakawafungulia watoto wao shule ya binafsi. Watoto weusi, zaidi ya 1,500, wakaachwa bila shule. Wengine walipelekwa mbali kwa jamaa zao. Wengine walifundishwa kidogo kidogo katika nyumba za kanisa. Na wengine hawakusoma tena. Mwaka 1963 shule za bure ziliwekwa kwa michango ya watu, lakini shule za serikali hazikufunguliwa hata mwaka 1964, baada ya Mahakama Kuu kuamua tena. Miaka mitano! Mwalimu yeyote ajua maana yake. Mtoto aliyekuwa na miaka saba, akingoja kujifunza herufi, alikuwa na kumi na miwili milango ilipofunguliwa.

Najua Kilpatrick hakuifunga milango ile kwa mkono wake. Palikuwa na wanasiasa, palikuwa na walipa kodi, palikuwa na hofu ya zamani. Lakini mwenye kutoa sababu ana fungu lake katika tendo. Tena hakukoma hapo. Mwaka 1962 alitoa kitabu cha kutetea ubaguzi wa shule, na mwaka 1963 aliliandikia gazeti la Saturday Evening Post makala ya kushikilia kwamba watu weusi si sawa na weupe. Kabla haijatoka, tarehe 15 Septemba, bomu lililipuka katika kanisa la watu weusi mjini Birmingham, wasichana wanne wakafa. Makala haikuchapwa. Safari hii joho lilikuwa limevuliwa, na kilichokuwa ndani kilionekana wazi.

Baada ya hayo heshima yake ilizidi. Tangu 1964 makala zake za siasa zilienezwa, hata zikachapwa katika mamia ya magazeti ya Marekani, na katika miaka ya 1970 mamilioni walimwona katika televisheni akibishana na Shana Alexander. Aliandika pia juu ya ufundi wa lugha, na kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 1984. Alifundisha kwamba mwandishi achague neno lililo sawasawa na aseme waziwazi. Fundisho jema, nami nalikubali. Ndiyo maana nampima kwa kipimo chake mwenyewe: katika miaka ile ya 1950, neno lililo wazi lilikuwa wapi?

Liko jambo jingine la kustaajabisha. Mwaka 1966 halmashauri ya shule ya wilaya moja karibu na Richmond ilikikataza kitabu cha Harper Lee, To Kill a Mockingbird, kinachosimulia habari za mtu mweusi aliyeshtakiwa kwa uongo. Kilpatrick aliwacheka wakuu hao katika gazeti lake, akaahidi kitabu bure kwa wanafunzi 50 wa kwanza watakaomwandikia. Twaona basi Silas Rogers tena! Kilpatrick aliweza kuliona jozi la mtu mmoja katika kizimba cha mahakama, asiweze kuliona la maelfu ya watoto mlangoni pa shule. Nadhani hilo ndilo fumbo la maisha yake. Ni rahisi kumhurumia mmoja ambaye kuokoka kwake hakubadili chochote nyumbani mwetu. Ni vigumu kuwatendea haki wengi, ambao haki yao yatudai tusogee, tuwape nafasi ya kuketi.

Katika miaka ya baadaye aliuacha ubaguzi, akakiri kwamba fikira zake zilikuwa zimebadilika. Alisema kwamba alilelewa kama mtoto mweupe wa Oklahoma City, akaupokea ubaguzi kama desturi ya maisha. Tena kwamba ni wachache wapendao kuonyeshwa usoni, wakiwa na miaka 50, mambo waliyoyashikilia wakiwa na 28. Nashukuru kwamba aligeuka, maana wako waliokufa bila kugeuka. Lakini hesabu yake haikubali. Alipoyafukua yale ya 1798 alikuwa mtu wa miaka 35. Alipoandika makala ile ya 1963 alikuwa na 42. Huo si ujana. Na makosa aliyoyapigia mbiu kwa miaka, aliyakana kwa sauti ndogo.

Alifariki Washington tarehe 15 Agosti 2010, mwenye miaka 89. Wengi walimsifu kwa lugha yake, nao hawakusema uongo. Lakini wahenga walinena: Jino la pembe si dawa ya pengo. Vitabu vyema juu ya sarufi haviwarudishii watoto wa Farmville miaka yao mitano.

Basi, wewe usomaye gazeti jioni, ukawasomea na jirani zako wasiojua kusoma, usiishie kusema, Huyu aandika vizuri. Uliza: Maneno haya yakitendwa, nani atafungiwa mlango? Na wewe mwalimu mwenzangu, umsifupo mtoto kwa insha yake, mwulize swali hilo hilo, ili alizoee mapema.