Kelele za Nyumbani Zina Thamani ya Magoli Mangapi?

Ukikaa kwenye kibanda umiza pale Mkula siku ambayo Simba au Yanga ina mechi ya kimataifa, kuna sentensi utaisikia kabla mpira haujaanza: "Kwa Mkapa hatoki mtu." Nami nimeshaisema, tena kwa sauti kubwa. Leo naomba tuichukue sentensi hiyo tuikosoe kama tunavyokosoa hoja yoyote ya kisayansi. Siyo kwamba ni ya uongo. Ina ukweli wake, ila tumeuchanganya na mambo mengine mpaka hatujui ukweli wenyewe ni kiasi gani.

Tuanze na ushahidi ambao kila shabiki wa Simba anaukumbuka: hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, msimu wa 2018/19. Wakati ule uwanja ulikuwa bado unaitwa Taifa. Nyumbani Simba iliifunga JS Saoura 3-0, Al Ahly 1-0 na AS Vita 2-1. Ugenini ilifungwa 5-0 Kinshasa, 5-0 Misri na 2-0 Algeria. Jumla: nyumbani magoli 6 kwa 1, ugenini 0 kwa 12. Pointi 9, ikaingia robo fainali.

Kuna njia rahisi ya kupima faida ya uwanja wa nyumbani. Chukua wastani wa tofauti ya magoli nyumbani, toa wastani wa ugenini, halafu gawa kwa mbili. Unagawa kwa mbili kwa sababu faida imehesabiwa mara mbili: ukiwa kwako unaipata wewe, ukienda kwao wanaipata wao. Kwa Simba ile, nyumbani ni +1.67 kwa mechi, ugenini ni -4. Tofauti yake ni 5.67, na nusu yake ni takribani magoli 2.8. Namba kubwa kweli! Hapo shabiki anafunga mjadala.

Ngoja kwanza. Angalia kundi zima, usiangalie Simba peke yake. Kundi lile lilichezwa mechi 12, na hakuna mgeni aliyeshinda hata moja. Wenyeji walishinda 10, sare zikawa 2. Kwa maneno mengine, Kinshasa nako hakutoka mtu, wala Algeria, wala Misri. Kile tulichokiita uchawi wa Taifa kila timu ilikuwa nacho kwake.

Sasa ruka hadi msimu wa 2020/21. Simba tena kwenye makundi, tena na Al Ahly na AS Vita, safari hii pamoja na El Merrikh. Nyumbani ilishinda 1-0, 3-0 na 4-1. Ugenini ilishinda 1-0 Kinshasa, ikatoka 0-0 na El Merrikh, ikafungwa 1-0 na Al Ahly. Fanya hesabu ileile: faida inashuka mpaka kama goli 1.2. Uwanja ni uleule, timu mbili kati ya tatu ni zilezile, lakini namba imepungua kwa zaidi ya nusu. Ndiyo, ulikuwa msimu wa korona na mashabiki walikuwa na masharti. Lakini pia Simba ilikuwa imeimarika. Mechi sita haziwezi kukuambia kipi ni kipi, na hilo ndilo kosa la kwanza la mabishano yetu ya vibandani: tunachukua mechi chache tunazozikumbuka vizuri, tunaziita sheria.

Je, kelele zenyewe zinafanya kazi? Zinafanya, ila pengine siyo pale unapodhani. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza, Nevill, Balmer na Williams, waliwaonyesha waamuzi 40 video ya matukio 47 ya kugombea mpira. Wengine waliangalia wakisikia kelele za mashabiki, wengine kimya kimya. Waliosikia kelele waliwapigia wenyeji filimbi za faulo pungufu kwa takribani asilimia 15. Hawakuwaonea wageni zaidi, waliwahurumia wenyeji. Kumbe unapopiga kelele, anayekusikia zaidi huenda ni refa kuliko mshambuliaji wako.

Halafu korona ikatupa jaribio ambalo hakuna mtafiti angeruhusiwa kulifanya. Ligi Kuu ya Uingereza msimu wa 2020/21, karibu mechi zote bila mashabiki, wageni walishinda mechi 153 na wenyeji 144. Kwa kawaida wenyeji ndio huongoza. Hizo ni mechi 380, siyo sita.

Mpaka hapa tumezungumzia mashindano ya nyumbani na ugenini, ambako kila timu inapata zamu yake. Mashaka yangu makubwa yako kwenye mashindano ya kituo kimoja, yale yanayojiita ya uwanja huru. Na mfano mzuri kuliko wote una Mtanzania ndani yake.

Mwaka 2009 Hasheem Thabeet alikuwa Chuo Kikuu cha Connecticut. Mashindano ya kikapu ya vyuo vya Marekani hugawa timu kwenye kanda nne, na kamati huzipa timu za kila kanda namba 1 hadi 16 kulingana na ubora wake msimu ule. Namba 1 anaanza na namba 16. Kwa wanaume, tangu mfumo wa timu 64 uanze mwaka 1985, namba 1 hakufungwa na namba 16 mpaka 2018, kwa hiyo kamati inajua kupima. Connecticut ilikuwa namba 1 ya kanda yake, na mechi ya kwanza iliipiga Chattanooga 103-47. Zawadi ya namba nzuri ni mpinzani dhaifu mwanzoni, na mara nyingi pia kupangiwa mji usio mbali na kwako.

Nusu fainali ilikuwa Detroit, tarehe 4 Aprili. Mji huo huteuliwa miaka mingi kabla, bila kujua nani atafika. Mpinzani akawa Michigan State, namba 2 ya kanda nyingine, ambao chuo chao kiko kilomita zipatazo 150 kutoka uwanjani. Watu 72,456 waliingia, na wengi walikuwa wa jimbo hilohilo. Uwanja huru kwenye karatasi tu! Connecticut ilifungwa 82-73.

Kama wewe ni shabiki wa Hasheem, utasema aliibiwa. Nami nilitamani kusema hivyo. Lakini siku mbili baadaye, uwanja uleule na umati wao uleule, Michigan State ilifungwa na North Carolina 89-72. Kelele hazikutosha mbele ya timu bora kuliko wao. Yanga wanalijua hili pia: fainali ya Kombe la Shirikisho 2023 walifungwa na USM Alger 2-1 kwa Mkapa, wakaenda Algeria wakashinda 1-0, wakakosa kombe kwa kanuni ya goli la ugenini. Faida ya nyumbani ni msukumo mdogo. Inaamua pale tu timu zinapokaribiana.

Ila pale zinapokaribiana, inaumiza. Nilipokuwa kidato cha tatu tulikwenda kwenye mashindano ya shule kwa fuso, alfajiri, mvua za masika na tope. Sisi tulizoea kudundisha mpira kwenye udongo. Wenyeji wetu walikuwa na sakafu ya saruji, walilala kwao, na shule nzima ilisimama pembeni ikiimba. Tulifungwa kwa pointi nne. Mwenzetu mrefu, tuliyembandika jina la Hasheem, hakuitwa kwenye timu ya wilaya. Hatukucheza tena. Leo analima mpunga kwenye skimu ya Mkula, na tukikutana bado anauliza: "Hivi tungecheza kwetu?"

Siwezi kumjibu kwa mechi moja. Ninachoweza kukosoa ni utaratibu. Najua kituo kimoja kinachaguliwa kwa sababu nauli ni ghali, na hilo halina ubishi. Lakini mwenyeji akicheza mechi zake zote kwake kila mwaka, halafu matokeo hayo ndiyo yachague vijana wa kwenda mbele, tunapima kipaji na umbali wa safari kwa mizani moja. Tiba yake haihitaji hela nyingi. Kituo kizunguke kila mwaka. Refa atoke kata ya tatu. Wageni wapewe muda wa kuuzoea uwanja. Na wachaguzi wa vijana wasiangalie nani kashinda tu.

Nawe msomaji una kazi. Tafuta daftari. Msimu huu wote andika mechi za timu ya kijiji chako au shule yako: tarehe, nyumbani au ugenini, magoli, faulo alizopigiwa kila upande. Andika hata zile mlizofungwa, hizo hasa. Zikifika 30 au 40, piga hesabu ya pale juu. Huenda namba itakayotoka isikupendeze, lakini siku Mkula ikienda kuomba zamu ya kuwa kituo, itakuwa na kitu mkononi zaidi ya kelele.