Sifa za Mshika Usukani

Wanaojua kuendesha gari ni wengi. Wanaojua kuwasafirisha watu ni wachache. Tofauti yao huonekana vizuri kwenye barabara inayotoka Dodoma, ikapita Bahi, Manyoni, Singida na Igunga mpaka Mwanza, takriban kilomita 700. Kila Desemba familia nyingi huifuata njia hiyo kwenda nyumbani: bibi kiti cha katikati, watoto wamebanana nyuma, mabegi na dumu la maji miguuni. Mtu anayewafikisha hao wote wakiwa wazima, na wakiwa bado wanasemezana vizuri, ni fundi. Namsifu leo kwa sababu kazi yake ikifanyika vyema haina cha kuonyesha. Abiria hushuka, hujinyoosha, huulizia chakula.

Kazi huanza jana yake jioni. Baba, ambaye ujana wake aliumalizia kwenye malori, enzi barabara ya Dodoma hadi Singida ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua, hulizunguka gari taratibu na hapendi kusemeshwa. Huinama kwenye kila tairi, akapitisha kiganja kutoka ukingo wa nje hadi wa ndani, maana tairi linaweza kuonekana zima na kumbe upande wa ndani limekwisha kuwa kipara. Hukagua oili na maji ya rejeta, hulibonyeza tairi la akiba, huifungua jeki na kuifunga tena. Halafu, na hapa ndipo ninapomwona fundi, huja sebuleni kuwakagua abiria. Bibi anameza dawa saa ngapi? Mtoto yupi hutapika kwenye kona? Huyo hupangiwa dirishani. Nani amenuniana na nani? Hao hawakai pamoja. Saa za kuondoka na mahali pa kusimama huvipanga kwa kumwangalia aliye dhaifu kuliko wote, na wenye nguvu watamfuata huyo.

Uwanda wa kati umewafundisha watu jambo hili tangu zamani. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, misafara ya watu wa pwani na ya Wanyamwezi iliikata Ugogo kwa miguu, kila mpagazi na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na ushei. Mashariki kulikuwa na Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kunywa. Magharibi, kuelekea Manyoni na Itigi ya leo, kulikuwa na Mgunda Mkali, pori la vichaka na miiba. Hapo katikati watemi wa Kigogo walitoza hongo, kwani visima vilikuwa vyao. Nyika ya namna hiyo haivukwi kwa ubabe. Msafara uliondoka mchana, watu wameshakula na kujaza vibuyu, ukatembea hadi usiku, ukalala bila maji, ukaamka alfajiri na kuyafikia maji kabla jua halijawa kali. Mwendo huo waliuita tirikeza. Kiongozi aliyekosea saa ya kuondoka aliwaponza watu wake hata kama njia aliijua. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akafika India na kurudi akiwa huru, aliivuka nchi hii na wapelelezi wa Kizungu: na Burton na Speke mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, na Cameron mwaka 1873. Vitabu vimewasifu sana wageni wake. Mimi humfikiria yeye kila tunapoikaribia Manyoni: mtu aliyepaswa kujua, kila asubuhi, ni nani leo anachechemea.

Dereva wa leo hana vibuyu, lakini uamuzi ni uleule, na anao wenzake wa kumsaidia. Lori la mbele likiwasha indiketa ya kulia pasipo na njia ya kukata, dereva wake anakwambia usipite, kuna gari linakuja. Ikiwaka ya kushoto, njia nyeupe. Baba huipokea kwa shukrani, kisha huchungulia mwenyewe. Na ukiona tawi bichi limelazwa juu ya lami, kisha jingine mbele kidogo, jua kuna lori limekufa baada ya kona. Utingo aliyeyakata matawi hayo hakujui wala hamtaonana tena. Ametembea juani, panga mkononi, ili watoto wako wasijikute chini ya tela. Baba hupunguza mwendo mara tu anapoyaona, na tukilipita lori lenyewe hupiga honi fupi ya asante.

Hatari kubwa ya barabara hii ni wepesi wake. Baada ya Manyoni lami hunyooka, upepo unavuma, mawe makubwa ya Singida bado hayajaanza, na usingizi humjia dereva akiwa macho wazi. Kwa hiyo Singida tunakaa. Bibi hutembezwa, wanawake hupatana bei ya vitunguu na mafuta ya alizeti, watoto huparamia mawe. Baba hulala chini ya mti, na hakuna mwenye ruhusa ya kumwamsha.

Miaka ya karibuni, kuanzia hapo usukani anashika dada yangu, kwa kuwa macho ya Baba jioni hayamtoshi. Hakumpa usukani kwa siku moja. Kwanza alimfanya utingo wake: kushika tochi, kufunga nati, kukaa macho wakati wengine wamelala. Kisha akampa tambarare ya Bahi. Mwisho kabisa akampa mlima Sekenke, unaoshuka kutoka uwanda wa Iramba hadi mbuga ya Wembere, na unaoogopwa na madereva wenye uzoefu.

Siku hiyo Baba alikaa kiti cha pembeni, mikono mapajani. Tulipofika juu alisema, "Gia ya kupandia ndiyo ya kushukia." Akanyamaza. Dada akaweka gia ya pili, injini ikanguruma. Breki akaigusa na kuiachia, akaigusa na kuiachia. Nyuma yetu basi lilipiga honi likitaka kupita. Nilimwona Baba akikandamiza mguu wa kulia sakafuni, pale ambapo kwake pangekuwa na breki, lakini mdomo hakuufungua. Wembere ilipofunguka mbele yetu alisema, "Haya mama, twende," akageukia dirishani.

Katika yote niliyoyaona akiyafanya barabarani, kule kunyamaza naona kulikuwa kugumu kuliko yote. Wengi wetu tunawaachia watoto usukani pale tu tunapokuwa tumeshindwa kabisa, au tunakufa nao mkononi, nao wanajifunza kushuka mlima peke yao, tena usiku. Baba alianza kuuachia akiwa bado na nguvu ya kuuchukua tena. Na sasa, akiwa abiria, ananiuliza majina ya vilima na vijiji ambavyo amevipita maisha yake yote, maana miaka ile alikuwa akiitazama lami kwa ajili yetu.

Wewe utakayeifuata njia hii Desemba, mwache dereva wako alale, na usimhesabie saa. Gari likikuharibikia, kata matawi uyalaze mbali, nyuma na mbele. Ukishalitengeneza, usiondoke kwanza. Rudi kwa miguu ukayatoe yote barabarani, kwa sababu anayekuja gizani nyuma yako hana namna ya kujua kwamba ulishapona.