Z4 Kisiwani Pemba: Pesa Inaliwa na Nini?

BMW Z4 ya mwaka 2004, ile yenye injini ya lita 3.0, ina nguvu za farasi 231 na hufika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 5.9. Kiwandani ilifungwa isipite 250. Kisiwa cha Pemba kina urefu wa kilomita 67 hivi. Kutoka Mkoani hadi Chake Chake, na kutoka Chake Chake hadi Wete, barabara inapanda vilima na kushuka, inapita katikati ya vijiji, na msimu wa karafuu ukifika pembezoni mwake hutandikwa mikeka ya kuanikia. Mahali pa kulikimbiza gari la namna hii hapapo. Watu wanalinunua hata hivyo, na siwalaumu, kwa sababu ni gari zuri mno: boneti ndefu, kiti kilichokaa karibu na tairi za nyuma, paa la kitambaa linalofunuka kwa sekunde 10 tu, na injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja ambayo sauti yake peke yake inatosha kumfanya mtu atie saini.

Kinachonishughulisha ni kile kinachofuata baada ya saini. Gari hili leo linapatikana katika minada ya Japani, usukani kulia kama tunavyotaka sisi, kwa bei isiyopishana sana na ya Toyota ya kawaida iliyotumika. Kisha ndani ya masika mawili linamkausha mwenyewe. Ukiuliza, utaambiwa spea za Mjerumani ni ghali. Ni kweli kwamba gari hushuka bei na spea zake hazishuki. Mota ya paa ilipangiwa bei kwa ajili ya mtu aliyenunua gari jipya, na duka halijali kama wewe umelipata kwa sehemu ndogo ya bei ile. Lakini nilifuatilia Z4 moja gerejini Chake Chake tangu ilipoingia paa likiwa limekufa hadi ilipotoka, na mwenyewe akanifungulia mfuko wa risiti zake za nyuma. Nilizipanga moja moja. Zaidi ya nusu ya pesa alizokuwa ametoa zilinunua vitu ambavyo kwenye gari lake havikuwa vibovu.

Hapo ndipo penye uchambuzi. Bara, fundi akikosea kubahatisha kipuri, gharama yake ni nauli ya bodaboda kurudi Kariakoo. Pemba, kila kubahatisha kunavuka bahari. Spea za Toyota utazikuta Chake Chake au Wete, na zikikosekana huko hazikosekani Unguja. Za Z4 huagizwa Dar es Salaam, ambako bahati nzuri ni kwamba injini yake, M54, ndiyo iliyofungwa kwenye BMW za series 3 za miaka ile, kwa hiyo vitu vya injini hupatikana. Vya bodi na paa hutafutwa Sharjah, kwenye maduka ya magari yaliyochinjwa, na familia nyingi za Pemba zina ndugu Oman au Imarati wa kumtuma. Ila magari ya huko usukani wake uko kushoto. Mota ya paa itaingia sawasawa. Taa za mbele zitaingia pia, lakini mwanga wake utampiga machoni anayekuja mbele yako, kwa sababu zilikatwa kwa ajili ya nchi zinazopita kulia. Kitu cha umeme kikishafika Mkoani kwa boti na kuonekana si chenyewe, hakuna duka la kukirudishia.

Tuanze na paa, maana ndilo lililokula pesa nyingi na ndilo lenye somo kubwa.

Paa la Z4 ya kizazi hiki, ile iliyotoka kati ya 2002 na 2008, husukumwa na oili ya haidroliki. Pampu na mota yake vimewekwa upande wa kushoto, nyuma ya kiti, chini kabisa ya shimo ambamo paa hujikunja. Juu ya shimo hilo kuna mfereji wa kukusanya maji ya mvua, na mfereji una mpira mwembamba wa kuyatoa nje chini ya gari. Mpira ukiziba, maji hayana pa kwenda isipokuwa shimoni, na mota ndiyo iliyokaa chini. Ulaya huchukua miaka mingi kuziba. Gari linalolala chini ya mwembe Chake Chake, likanyeshewa masika ya Machi hadi Mei, kisha vuli, linaziba upesi: maua ya mwembe na vumbi jekundu hugeuka tope zito ndani ya ule mpira.

Risiti zilisimulia yaliyotokea kabla. Paa lilipoanza kusita, ilibadilishwa betri. Halikupona, zikabadilishwa relei. Halafu ikaagizwa mota nzima ya mtumba kutoka Sharjah, ikafungwa, paa likacheza vizuri kuanzia kiangazi hadi mvua za mwanzo. Kisha kimya tena. Mtu wa mwisho kulishika gari alikuwa ameshamwambia mwenyewe aagize kompyuta ya paa.

Fundi niliyemkuta hakuanza na spana. Alimimina kikombe cha maji kwenye mfereji wa kushoto, akainama chini ya gari na kusubiri. Halikudondoka tone.

"Sheikh, mota yako haikuzeeka. Imezama."

"Na ile ya mwanzo je?"

"Ile nayo ilizama. Na ukileta ya tatu nitakufungia, nayo itazama vilevile."

Kikombe kimoja cha maji kilitoa jibu ambalo betri, relei na mota ya Sharjah hazikulitoa. Hicho ndicho kipimo, na hakikuhitaji umeme.

Kazi yenyewe ilifanyika hivi. Kitabu cha kiwandani kinataka paa lote litolewe ili kuifikia mota, kazi ya saa nyingi ambayo ndiyo huifanya bili ya gereji za Ulaya iwe ya kutisha. Mafundi waliozoea hulisimamisha paa nusu, wakaliegemeza kwa ubao imara lisije likawaangukia, wakaitoa mota kwa kupitisha mkono pembeni. Ilipofika mezani, kifuko chake cha sponji kilikuwa kimelowa chepechepe. Ikafunguliwa. Ndani yake ni mota ya kawaida tu, yenye sumaku, kaboni mbili na bering, haina siri iliyoizidi mota ya stata. Kutu ilisuguliwa kwa msasa laini, kaboni zilizokwama zikaachiwa, bering ikabadilishwa kwa nyingine yenye namba ileile iliyopatikana Unguja kwenye duka la kawaida. Mpira wa kutolea maji ulizibuliwa kwa mshipi mnene wa nailoni, ule wa kuvulia samaki wakubwa. Waya wa chuma ungeutoboa, na mpira uliotobolewa ni mbaya kuliko uliozibwa.

Kisha likaja jambo ambalo ndilo matengenezo ya kweli. Mota haikurudishwa shimoni. Mipira yake ya haidroliki, ikipitishwa njia nyingine, hufika ndani ya buti bila kukatwa, na waya zikaongezwa urefu kwa kuchomelewa risasi na kufunikwa barabara. Sasa mota inakaa ndani ya buti, juu, pakavu. Hata mfereji ukiziba tena mwakani, maji yatalijaza shimo tupu. Wenye Z4 sehemu nyingi duniani wamekwishafanya hivi, nami naona kwa Pemba ni sharti: atakayeifunga mahali pake pa zamani atakuwa ameirudisha kisimani.

Upozaji wa injini ni hatari kubwa zaidi kuliko paa, ingawa haupigi kelele. M54 ina bloku na silinda hedi za aluminiamu, na temostati inayofunguka karibu nyuzi 97, kiwango cha juu kilichochaguliwa ili injini ichome mafuta vizuri. Kifuniko cha tangi la maji hubana hadi presha ya bar 2. Tangi lenyewe ni la plastiki, shingo ya rejeta ni ya plastiki, na pampu za maji za baadhi ya injini hizi zina feni ya ndani ya plastiki. Plastiki iliyokaa miaka 20 katika joto lile hukauka na kupasuka ghafla. Mshale wa joto kwenye dashibodi haukusaidii. Umetengenezwa ukae katikati kuanzia nyuzi 75 hivi hadi zaidi ya 110 ili dereva asihangaike, kwa hiyo ukiuona unapanda, injini imeshachemsha. Na M54 ikichemsha, mara nyingi haishii kuunguza gasketi ya hedi. Nyuzi za bolti ndani ya bloku, hasa upande wa nyuma, huachia, na bolti haikazi tena mpaka bloku itobolewe na kuwekewa nyuzi mpya za chuma.

Desturi iliyoenea katika gereji zetu ni kutoa temostati na kujaza maji ya bomba. Naielewa ilikotoka; kwa Toyota kuukuu imewahi kuokoa safari nyingi. Kwa gari hili inakula pesa mara mbili. Bila temostati injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani asubuhi haijaisha na kuendelea kumimina petroli nyingi, na mwenyewe analipa tofauti hiyo kila anapojaza tangi. Maji ya bomba na ya kisima yana madini, nayo hula aluminiamu na kuacha magamba kwenye rejeta. Kilichofanyika Chake Chake ni kubadilisha kwa mpigo mmoja vitu vyote vinavyozeeka pamoja: tangi na kifuniko chake, mipira, temostati, na pampu yenye feni ya chuma. Vilikuja katika boksi moja, mzigo mmoja, boti moja. Ikajazwa kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini, yale yanayouzwa kwa ajili ya kujazia betri, polepole, hita ikiwa imefunguliwa hadi mwisho na skrubu ya kutolea hewa ikiwa imelegezwa. Skrubu hiyo nayo ni ya plastiki, na anayeikaza kwa nguvu ataivunja.

Kumbadilishia mtu vitu ambavyo bado havijapasuka kunaweza kuonekana kama kubahatisha kwenyewe ninakokulalamikia. Sivyo. Plastiki hizi umri wake unajulikana na namna zinavyokufa inajulikana. Mota ya paa ilikuwa na sababu ambayo hakuna aliyeitafuta.

Lililobaki lilikuwa dogo lakini linaonyesha vizuri tofauti hiyo. Taa ya injini ilikuwa inawaka, na mashine ya kusoma kompyuta ilitoa namba P0171 na P0174, zote zikisema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Risiti zilionyesha sensa mbili za oksijeni na sensa moja ya hewa zimeshanunuliwa kwa ajili hiyo, mpya, za gharama, na taa haikuzima. Namba ile haisemi sensa ni mbovu. Inasema sensa imeona hewa isiyohesabiwa, na sensa inayoona ni sensa nzima. Fundi alichukua kopo, akatia kitambaa chenye mafuta ya watoto, akakipasha moto hadi kikatoa moshi, akausukuma kwa upepo mdogo sana ndani ya njia ya hewa injini ikiwa imezimwa. Moshi ulichungulia kwenye mikunjo ya mpira unaounganisha boksi la hewa na injini. Mpasuko wake huonekana tu ukiukunjua kwa mkono. Mpira huo ni miongoni mwa vitu vya bei nafuu kabisa katika gari lote, na Kariakoo upo kwa sababu unafanana na wa series 3.

Usukani niutaje kwa ufupi. Z4 hii hutumia mota ya umeme kusaidia usukani badala ya oili, na baadhi yake hunata katikati siku za joto kali. Nje, dawa iliyozoeleka ilikuwa kubadilisha safu nzima ya usukani. Hili la Chake Chake halinati, na jua la Pemba lingekuwa limeshalisema kama lingekuwa na tatizo hilo. Anayenunua ajaribu usukani mchana, si asubuhi.

Na anayenunua aangalie mwaka kabla ya rangi. Kuanzia 2006 injini ya M54 ilipisha N52. Ni nyepesi na ina nguvu zaidi, lakini ganda la bloku yake ni la aloi ya magnesi, na pampu yake ya maji huzungushwa na umeme badala ya mkanda. Pampu hiyo ni ghali na hufa bila kutoa dalili. Bolti zinazoingia kwenye magnesi, ambazo hutumika mara moja tu na kutupwa, ni za aluminiamu, kwa sababu bolti ya chuma ndani ya magnesi, ikiongezewa unyevu wenye chumvi kama huu wetu, huila bloku kidogo kidogo mpaka panapokazwa pawe unga. Fundi ambaye hakuambiwa ataokota bolti ya chuma inayolingana, ataikaza vizuri, na kazi yake itaonekana safi kwa miezi. Kwa hiyo kama gari ni la 2006 au baadaye, chukua sumaku ndogo, fungua boneti, uipitishe kwenye vichwa vya bolti zilizoingia kwenye bloku. Ikinasa mahali palipopaswa kuwa na aluminiamu, liache gari hilo kwa mwenyewe.