Neno Fahali na Kipimo cha Mshairi

Mtu akisema kuwa mshairi fulani ni fahali, sote twajua kuwa amemsifu. Kwetu neno hili ni la zizini: fahali ni ng'ombe dume ambaye hakuhasiwa, kwani aliyehasiwa ni maksai. Tena methali imetufunza kuwa mafahali wawili hawakai zizi moja.

Asili yake ni neno la Kiarabu fahl, ambalo huko si la ng'ombe peke yake. Ni dume la mnyama yeyote, hasa ngamia wa mbegu. Wahakiki wa Kiarabu walilitumia zamani kuwapimia washairi. Al-Asma'i wa Basra, aliyeishi karne ya 8 na ya 9, alipoulizwa maana yake, alimfananisha mshairi huyo na ngamia dume aliyekomaa akiwa mbele ya ngamia wadogo. Naye Ibn Sallam al-Jumahi aliandika kitabu kizima cha kuwapanga mafahali hao kwa matabaka.

Kwa maoni yangu, kipimo hiki kina upungufu. Chasifu nguvu na ushindi, wala si kila utungo ni pambano. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha mwaka 1858, hali ni mgonjwa. Hakushindana na mtu, na utenzi wake ungali unasomwa. Tumwite fahali? Hata Ibn Sallam hakuweza kumwacha nje al-Khansa, mwanamke aliyewalilia ndugu zake. Alimweka pamoja na watunzi wa maombolezo.

Tena yasimuliwa kuwa Alqama na Imru' al-Qays, washairi wa kabla ya Uislamu, walishindana kumsifu farasi. Mwamuzi alikuwa Umm Jundab, mkewe Imru' al-Qays. Alisema farasi wa mumewe amekimbia kwa kupigwa mjeledi, na wa Alqama amekimbia huku hatamu zimevutwa. Akampa Alqama ushindi. Mumewe akamtaliki, Alqama akamwoa, ndipo akaitwa Alqama al-Fahl.

Basi jina hilo la kiume lilitokana na hukumu ya mwanamke, naye alitoa sababu kutoka katika beti zenyewe. Sisi twampa mtu jina la fahali kisha tukanyamaza. Anayesifu na aonyeshe ubeti, aeleze uzuri wake uko wapi. Hapo hata mtunzi wa sauti ya chini atapata haki yake.