Wasomaji wa Mto

Mito ya wilaya ya Kasese, Uganda, haina subira. Nyamwamba, Mubuku na Nyamugasani inashuka kutoka Rwenzori, mlima ambao kilele chake, Margherita, kina mita 5,109, na safari yake hadi maziwa ya George na Edward ni fupi mno kwa mteremko wa namna hiyo. Mvua ikipiga juu usiku, walio chini huamshwa na ngurumo za mawe. Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ulifurika ukaivamia hospitali ya Kilembe. Mei 2020 ukarudia, na mara hiyo hata Lhubiriha, mto wa mpakani huko Bwera, ulivunja kingo.

Baada ya maafa watu huuliza maji yalikuwa kiasi gani. Jibu huwa mikononi mwa mtu asiyejulikana sana: msomaji wa kipimo.

Kazi yake, ukiitazama kwa mbali, mtoto angeiweza. Ubao umesimikwa wima ukingoni, umechorwa sentimita kwa sentimita. Saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri anausoma na kuandika. Lakini simama naye. Maji ya mlimani hayatulii ubaoni. Anayaacha yapande na kushuka mara kadhaa, anashika alama ya juu na ya chini, anachukua katikati. Anaandika papo hapo, si akifika nyumbani. Akikosea hafuti: anapiga mstari mmoja juu ya tarakimu na kuandika iliyo sahihi kando, ile ya kwanza ibaki ikisomeka.

Kisha kipimamvua, kilichowekwa mahali pa wazi, mbali na migomba na kuta. Milimita moja ndani yake ni lita moja kwa kila mita ya mraba ya shamba. Kiangazi kikikolea chombo huwa kikavu, naye huandika 0.0. Asipoandika, nafasi tupu itasema kwamba siku hiyo hakuna aliyekwenda kutazama, na hilo ni jambo jingine kabisa. Hapo ndipo ninapomvulia kofia: anakwenda kukagua kitu anachojua fika hakipo, ili aandike kwamba hakipo. Wenye mashamba ya umwagiliaji Mubuku na mitambo ya umeme Bugoye wanazihitaji sifuri hizo sawa na tarakimu za mafuriko.

Kipimajoto nacho kina adabu yake. Kinazamishwa penye maji yanayokwenda, kivulini, kinaachwa kitulie, kisha kinasomwa kingali majini. Ukikitoa tu, upepo unakipoza na umeshausingizia mto.

Hata hivyo kina si mtiririko. Ili kuujua mtiririko, fundi huugawa mto vipande kwa kamba iliyovutwa ng'ambo hadi ng'ambo, na katika kila kipande hupima upana, kina na kasi. Propela yake ya kupimia kasi huizamisha kwenye sehemu ya sita kati ya kumi kutoka juu, kwa kuwa kasi ya hapo hukaribia wastani wa safu nzima ya maji. Huzidisha, hujumlisha, hupata mita za ujazo kwa sekunde.

Penye majabali propela haifai kitu, ndipo chumvi inapotumika. Uzito unaojulikana huyeyushwa na kumwagwa juu. Chini, chombo hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme hadi chumvi yote ipite. Mto ukiwa mkubwa, chumvi hufika imefifia zaidi. Ziwa Katwe na chumvi yake viko wilaya hiyohiyo, lakini ile imechanganyika na magadi, kwa hiyo fundi hununua ya pakiti dukani.

Mafuriko yenyewe huung'oa ubao. Basi kazi huanza yakishapungua, na ni ya haraka, kabla mvua nyingine haijaosha ushahidi: mstari wa tope ukutani, majani yaliyonasa matawini, ngazi ya nyumba ambayo mzee anasema maji yaliishia hapo. Alama hizo hupimwa usawa, juu na chini ya mto. Kwa mteremko wake, upana na ukali wa mawe, kilele cha mafuriko hukadiriwa. Na kwa kuwa mto umeshahamisha mkondo wake, jedwali la kugeuza kina kuwa mtiririko halifai tena. Fundi huliwekea tarehe ya mwisho, husimika ubao mpya, na kuvuta kamba upya.